Kutoka Kigoma kwenda kwenye zabibu za Dodoma, tupangeje?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni kina mama saba hapa Mwanga, Kigoma, tunavunja kikoba mwezi wa sita na mwaka huu tumesema hatugawani vitenge, tunasafiri. Wenzangu wanataka Dodoma wakaone mvinyo unavyotengenezwa, mi napenda mambo ya kale, na naona tukipanda basi tutalala tu njia nzima tuamkie Dodoma tumeyapita yote. Tuna siku 8. Vyote viwili vinaungana? Mwezi wa saba ni sawa? Halafu kuna mmoja kang'ang'ania lazima tufike na Kondoa kwenye michoro ya mapangoni. – Mama Wawili, Mwanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni, vitenge mnavyo vya kutosha bwana.

Vinaungana tena vizuri, ila mwezi wa saba hapana. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari mpaka Machi na tena Agosti mpaka Septemba, kwa sababu kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima ndo anauamsha mwenyewe kwa kupogolea, akishakata matawi inahesabiwa kama miezi minne hivi mpaka mavuno. Sasa mkienda Julai mtakuta vishada vya kijani vigumu kama gololi na viwandani kimya. Sogezeni mpaka mwisho wa Agosti. Mavuno ya Februari mi siwashauri, ni kipindi cha mvua, barabara za vijijini tope, na wakulima wanahangaika na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, shambani hawana muda na wageni.

Siku 8 zinatosha kama mtakubali kwamba njia yenyewe ndo historia. Hamhitaji kutafuta vituko vya pembeni, reli ya kati imefuata karibu njia ile ile ya misafara ya pembe na watumwa, Ujiji, Tabora, Ugogo mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo anzieni nyumbani. Mko Kigoma, Ujiji iko hapo kilometa kama 8, na naweka dau kati yenu saba watano hamjawahi kuingia pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone ingawa dagaa wa Ujiji mnanunua kila wiki. Stanley alimkuta mzee pale 1871, mwembe wenyewe wa siku ile haupo tena, iliyopo inasemwa ni wajukuu wake. Asubuhi moja inatosha, jioni mnapanda treni. Mkiwa stesheni angalieni jengo, la Mjerumani lile, reli ilifika Kigoma 1914. Behewa la kulala linajaa mapema, mmoja wenu aende akaulize siku za treni na kukata tiketi wiki mbili kabla, asiwe yule anayesahau.

Tabora mkae siku mbili kamili. Hapa mi ni mwenyeji kwa hiyo nina upendeleo, nivumilieni. Kwihara ni kilometa chache nje ya mji, bajaji zinafika, kuna tembe ambalo Livingstone na Stanley walifikia mwanzoni mwa 1872. Kuta mtakazoziona zimejengwa upya, lakini simameni uani mnyamaze kidogo, maana mwaka uliofuata Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walipita huku Unyanyembe, ndo Tabora hii hii, wamebeba maiti yake iliyokaushwa kwa jua wakielekea pwani, watu wanaongea sana habari za Mzungu, mi nikifika pale nawawaza wabebaji tu. Halafu rudini mjini muone palipofanyika mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uliopewa jina la Uamuzi wa Busara. Na jioni mtafuteni asali ya miombo, na kama kuna atakayetaka kuonja wanzuki aonje kidogo, ni pombe ya asali, tamu mwanzoni halafu miguu inakuwa ya mtu mwingine.

Tabora kwenda Dodoma pandeni basi la asubuhi, lami ipo kupitia Itigi na Manyoni, mchana mnaona nchi. Mkishaingia Ugogoni kumbukeni hapo ndo misafara ilikuwa inalipa hongo, vitambaa na nyaya za shaba, ili mtemi awaruhusu kupita na kuchota maji. Hongo ya wakati huo ilikuwa ushuru wa wazi kabisa, si kama hii yetu.

Dodoma kaeni siku tatu. Siku ya kwanza Bihawana, njia ya Iringa, hapo ndo mapadri walipopanda zabibu, walitaka divai ya misa, kwa hiyo wewe unapata historia na wenzako wanapata zabibu mahali pamoja, hakuna atakayenuna. Siku ya pili Hombolo kwenye viwanda. Na hapa niseme kilichonipata mimi. Nilienda kiwanda kimoja bila kupiga simu, nikafika saa nne asubuhi geti limefungwa, mlinzi ananiambia mgeni bila miadi haingii, nimelipa gari la kukodi kwenda na kurudi. Kilichoniokoa ni mama mmoja wa jirani aliyekuwa anavuna, akanipeleka shambani kwake akanikatia kishada cha Makutupora nyekundu, ni aina ya zabibu, punje ndogo ndogo, nyeusi, zina vumbi jeupe juu, ukitafuna ganda linakausha ulimi kama pera bichi. Hapo ndo nikaelewa ukali wa mvinyo mwekundu unatoka wapi, maana wanauchachusha pamoja na maganda, ule mweupe wanakamua kwanza. Nikanunua sado nzima. Kwa hiyo pigeni simu siku kadhaa kabla, semeni mko saba, ulizeni kama siku hiyo wanapokea zabibu kutoka kwa wakulima, ndo siku ya kwenda.

Viwanda viwili kwa siku mwisho. Cha tatu hamtajua mnakunywa nini. Kuleni kwanza, na dereva asionje hata tone.

Chupa za kurudi nazo zifungeni kwenye nguo katikati ya begi. Mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, unaouzwa kwenye madumu msibebe, bado unachachuka, mi lilinifumukia kwenye basi likaloweka begi la baba wa watu kiti cha mbele, nikalipa dobi.

Kondoa sasa. Michoro ya Kolo ni urithi wa dunia tangu 2006, na ni mizuri kwelikweli, lakini ni kama kilometa 180 kaskazini ya Dodoma, halafu kupanda miamba kwa mguu, na mwongozaji lazima. Hiyo ni siku nzima ya kutoka alfajiri na kurudi usiku. Mkiifanya siku ya tatu sawa, ila anayeitaka ndo aamshe wenzake saa kumi na moja. Kurudi Kigoma hakuna kusimama popote.

SWALI: Dada mimi niko Ujiji, ni mmoja wa hao saba, situmii pombe kabisa na wao wanasema nitaboreka. Nibaki? – Bi Mdogo

JIBU: Usibaki mama. Zabibu zenyewe si pombe, utakula za shambani mpaka meno yakate ganzi, kuna juisi na zabibu kavu za kubebea watoto, na wenzako wakiingia kuonja we ukaswali msikiti wa Gaddafi pale mjini, mkubwa na una upepo mzuri. Tena watakuhitaji, mtu mmoja lazima akumbuke vyumba namba ngapi.