Facility kwa dakika 2 na sekunde 3: hatimaye nimeiweza

Juzi usiku wa manane saa ya gemu ilisimama kwenye 2:03. Niliweka pedi ya kuchezea chini, nikainuka, nikakaa tena, kisha nikaisoma ile skrini mara tatu nzima kuhakikisha macho hayanidanganyi. Asiyewahi kucheza GoldenEye 007, gemu ya jasusi James Bond, ataona tarakimu tu. Sisi tuliokesha nayo tunajua: ukiimaliza misheni ya Facility katika ngazi ngumu ya 00 Agent bila kuvuka dakika 2 na sekunde 5, unapewa chiti, yaani upendeleo wa siri wa gemu, ya kutokufa. Risasi zinakupiga na wewe unaendelea kutembea. Ndiyo chiti iliyowaliza watu wengi kuliko zote.

Wiki chache nyuma msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, Facility imenishinda, vidole vinauma, nakaribia kuitupa pedi. Niache?" Sikumjibu. Ningemjibu nini, na mimi mwenyewe ilikuwa imenishinda? Leo ninalo jibu, nalo linaanzia mbali kidogo.

Gemu hii ilitoka mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, miaka miwili baada ya filamu ya GoldenEye. Walioitengeneza ni kampuni ya Rare ya Uingereza, chini ya Martin Hollis, na wengi katika timu yake hawakuwa wamewahi kutengeneza gemu hata moja. Walifika mpaka mahali filamu ilipokuwa ikipigwa, wakaangalia majengo ya kuigizia, wakarudi kuyajenga ndani ya gemu. Mtu aliyeiona filamu anapatambua pale kwenye choo cha walinzi, ambapo jasusi anaingilia juu kwa juu. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: walijenga jengo kwanza, kazi za misheni wakazipanga baadaye. Ndiyo maana kuna vyumba visivyokupeleka popote na korido zisizo na faida kwako. Ni jengo, na jengo halimpangii mgeni njia ya kupita.

Nilikuja kuelewa hivyo nikiwa nimechelewa sana.

Nilipoanza kuicheza nilikuwa na rafiki ambaye sitamtaja. Tulikuwa tukicheza wanne, skrini imegawanywa vipande vinne, na yeye kila siku alimchagua Oddjob, mmoja wa wahusika wa gemu. Mnaoijua gemu mnajua maana yake: Oddjob ni mfupi, ukilenga usawa wa kawaida risasi inapita juu ya kichwa chake. Baadaye hata baadhi ya watengenezaji wenyewe walikiri kwamba kumchagua ni kama kuiba. Lakini kufungwa na Oddjob kulipita. Kilichobaki ni siku niliyokuwa najaribu Facility peke yangu, wenzangu wamekaa nyuma yangu, nikafa mara ya sita au ya saba, naye akasema mbele ya wote: "Wewe una papara, hii gemu si ya watu kama wewe." Wakacheka. Nikampa pedi. Sikuishika tena kwa miaka mingi, na uongo sitasema, neno lile liliniuma na bado linaniuma.

Tarehe 27 Januari 2023 gemu ilirudi, kwenye mashine za Switch na Xbox. Nikaichukua siku hiyohiyo. Kwenye Switch unaweza kuhifadhi mchezo katikati ya misheni, kitu ambacho zamani hakikuwepo kabisa. Zamani ukifa, ulianza mwanzo. Kitu hicho sikukitumia hata mara moja. Nawaheshimu wote wanaocheza, lakini ndugu yangu, ukihifadhi kila baada ya mlango utajifunza mlango, jengo hutalijua.

Miezi ya mwanzo nilifanya kosa lilelile la zamani. Nilisikia dakika mbili, nikakimbia. Napiga risasi kila kinachotikisika, nabeba bunduki za walinzi waliokufa na kuanza kuzitumia. Zile zina kelele. Walinzi wa gemu hii wanasikia: mlio mmoja unamtoa mtu chumba cha pili, na yeye akifyatua anamwamsha wa tatu. Bastola ya PP7 unayoanza nayo ina kizuia sauti, na hukupewa kwa bahati mbaya. Siku niliyoamua kutoshika silaha nyingine yoyote mpaka mwisho, muda wangu ulishuka kutoka dakika tatu na kitu hadi mbili na nusu. Wala sikuwa nakimbia zaidi.

Halafu kuna Doak. Huyu ndiye mwanasayansi anayekupa kifaa cha kufungulia mlango wa chumba cha matangi unayotakiwa kuyalipua, na kila unapoanza misheni gemu inamweka mahali tofauti. Siku nyingine yupo njiani kwako, siku nyingine yuko pembeni kabisa. Nilikuwa nikimkosa naanza kumtafuta chumba kwa chumba, hasira juu ya hasira, nikifika kwenye matangi saa imeshapita. Jifunze kukata tamaa mapema: kama hayupo pale anapokufaa, anza upya papo hapo. Usimtafute. Nilianza upya mara arobaini na kitu usiku mmoja, na sikuona aibu.

Mbio zenyewe zina siri yake. Ukisonga mbele na pembeni kwa wakati mmoja, yaani mshazari, unakwenda kasi kuliko kunyooka. Ukisimama kulenga kwa kitufe cha R umeshapoteza sekunde. Geuza mwili, gemu itakusaidia kulenga. Na usiwapige wanasayansi, vifo vyao vinaweza kukuharibia misheni nzima.

Juzi Doak alikuwa njiani. Nilimwona, moyo ukapiga. Zamani hapo ndipo ningeharibu. Nikatulia, nikapokea kifaa, nikashuka. Kwenye matangi nikamsubiri jasusi mwenzangu wa kwenye gemu, 006, amalize maneno yake, kwa sababu kukutana naye ni moja ya kazi za misheni, na kusubiri huko ndiko kugumu kuliko kupiga risasi kote. Nikatega mabomu, nikalipua, nikatoka. 2:03.

Nimemtumia yule rafiki picha ya skrini. Ameiona. Hajajibu.

Sasa nikuambie wewe uliyeniandikia, na wengine mnaonyamaza na shida hiyohiyo. Tatizo si vidole vyako. Unaingia Facility kama mtu anayekimbizwa, wakati jasusi anaingia kama mtu anayeishi pale. Ukijua mlango unafungukia upande gani na mlinzi anasimama wapi, miguu inakwenda yenyewe. Usijilinganishe na video za watu wanaomaliza kwa muda wa kutisha. Nao walikaa humo miezi. Na mtu akikuambia gemu si ya watu kama wewe, usimpe pedi. Mimi nilimpa, na ilinigharimu miaka.

Kwa hiyo usiache. Kesho usijaribu muda kabisa. Ingia kwa ngazi ya Agent, PP7 tu mkononi, utembee kila chumba, hata vile visivyo na kazi, mpaka uweze kuzima skrini na kuniambia kila mlango unafungukia upande gani. Ukishaweza hivyo, panda 00 Agent, na Doak asipokuwepo njiani, anza upya.