Kichefuchefu cha semaglutide: utembee au ulale?

Pole sana dada. Umesema tangu daktari akupandishe dozi ya semaglutide (dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito) kutoka miligramu 0.25 hadi 0.5 kichefuchefu hakikuachi, na unauliza kama usimamishe mazoezi. Usisimamishe, punguza.

Dawa hii huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana kuruka kamba au kuinama-inama ukiwa umeshiba kunakirudisha kooni, na kujilaza mara tu baada ya kula ni vilevile. Kula kidogo, kisha tembea taratibu dakika 10, mwendo wa kuweza kuzungumza bila kuhema. Mara mbili kwa siku inatosha, jua likiwa limepoa.

Misuli usiisahau, maana uzito ukishuka nayo hupungua. Chukua kiti kigumu kisichoteleza, kunja mikono kifuani, simama na ukae polepole mara 8. Pumzika, rudia. Siku unayozidiwa, acha hilo, zunguka tu ndani ya nyumba.

Ukisimama ukaona kizunguzungu, kaa chini. Mara nyingi ni maji yamepungua. Kunywa funda mojamoja mchana kutwa, usigugumie glasi nzima. Ukitapika au kuharisha, tumia ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kama unatumia pia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), pima sukari ya damu kabla ya kutoka kutembea. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, usitoke: kula au kunywa kitu chenye sukari kwanza.

Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hasa yakienda mgongoni, au kutapika hata maji: nenda hospitali siku hiyohiyo, tafadhali.