Bata Hawakufa: Yaliyonikuta Jukwaani Kwenye Tamasha la Gemu za Zamani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, wamenikubalia kuzungumza kwenye tamasha la gemu za zamani. Wamenipa dakika 40. Nianzie wapi, na nivae nini?" Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Nilikuwa nimezikumbuka dakika 40 zangu.

Najua hata wewe mwingine unayesoma hapa unaitamani nafasi hiyo. Hujakusanya kaseti miaka yote hii ili zijae vumbi kabatini. Ipo siku unataka ushike kipaza sauti, ukumbi unyamaze, wakusikilize wewe. Basi sikia.

Mara yangu ya kwanza niliandaa historia nzima, kuanzia 1972 hadi PlayStation ya 1994. Slaidi 90. Maandalizi nayaruka, hayana utamu wowote. Siku ikafika, ukumbi umejaa, nikafungua kwa sauti ya mtu anayejiamini: "Gemu ya kwanza ya video duniani ni Pong." Sentensi ya pili sikuifikia. Mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenye fulana iliyopauka, alinyoosha mkono. Kwa upole kabisa akasema kwamba Magnavox Odyssey, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV nyumbani, kazi ya Ralph Baer, iliingia sokoni mwaka huohuo wa 1972 ikiitangulia Pong, tena ikiwa na tenisi yake ya mezani. Kijana wa nyuma akadakia: na Spacewar! ya 1962 je? Wa tatu akaitaja Tennis for Two ya 1958. Ukumbi ukaangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya, nimeambiwa. Sawa. Lakini mimi hadi leo nakisikia nikiwa napiga mswaki.

Nikajipa moyo kwamba onyesho litanikomboa. Nilikuwa nimebeba Duck Hunt, ile gemu ya Nintendo ya 1984 ya kuwinda bata, pamoja na bunduki yake. Waandaaji walikuwa wameniahidi TV ya kichogo. Nilipouliza iko wapi, nikaonyeshwa projekta. "Hii ndiyo nzuri, picha kubwa, kila mtu ataona." Na mimi, niliyejua fika kitakachotokea, nikanyamaza. Niliona haya kusumbua watu walionialika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko chenyewe.

Kwa wasiojua: bunduki ile haitoi chochote, yenyewe inapokea tu. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu kisanduku cheupe kinachorwa pale alipo bata. Kihisi cha mwanga ndani ya mtutu kinatazama kama giza limefuatwa na weupe. Limefuatwa? Bata chini. Mpango wote huo unategemea kichogo, maana kwenye kichogo picha hutokea papo hapo mwale wa elektroni unapokipiga kioo kwa ndani. Skrini bapa na projekta huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe. Kwa macho yetu ucheleweshaji huo si kitu, lakini bunduki inapotazama, kisanduku bado hakijafika.

Nikafyatua. Bata akapita zake. Nikasogea, nikafyatua tena, nikasogea hadi karibu mtutu uguse ukuta. Yule mbwa akachomoza kwenye majani na kunicheka. Kama umecheza unamjua huyo mbwa. Sasa mwone akiwa na ukubwa wa ukuta mzima, na watu zaidi ya mia wanacheka naye.

Mshereheshaji alinionyesha saa nikiwa slaidi ya 31. Mwaka 1980, Pac-Man ndiyo kwanza anafungua mdomo.

Nilikaa muda mrefu bila kuomba tena nafasi. Nilikuwa nahudhuria tu, nachezacheza mashine, nachungulia meza za wauzaji, na kila penye mzungumzaji nakaa safu ya mwisho nikimwombea mabaya. Ndiyo, nimekiri.

Wiki iliyopita nikapanda tena. Safari hii swali moja tu: kwa nini adui wa Space Invaders huongeza kasi kadiri unavyowaua? Gemu hiyo ya 1978, aliyoiunda Tomohiro Nishikado, huanza na adui 55, safu 5 za adui 11. Mashine ilikuwa dhaifu, ikimsogeza adui mmoja tu kila skrini inapochorwa upya. Wakiwa wote 55, jeshi linajikokota. Akibaki mmoja, zamu zote ni zake, anakimbia kama mwizi. Udhaifu wa mashine ukaachwa uwe utamu wa mchezo. Nilieleza hivyo, nikamwita msichana mmoja acheze, tukahesabu pamoja waliobaki. Hakuna aliyetazama simu. Nilipomaliza walisimama kunipigia makofi, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chagua kitu kimoja. Kimoja! Si muongo, si kampuni, kitu kimoja ulichokigusa kwa mikono yako. Na neno "kwanza" liogope kama moto. Waliokaa mbele yako wamezifungua mashine hizo kwa bisibisi wewe hujazaliwa. Tunapenda kuonekana tunajua kila kitu, ndiyo ugonjwa wetu sisi wakusanyaji, na jukwaa huuanika mchana kweupe. Chagua kimoja. Akikusahihisha mtu, mshukuru, mpe kipaza sauti aendelee. Mimi nilibishana.

Na vifaa beba vyako. Ahadi ya mwandaaji si TV. Safari hii nilikwenda na kichogo changu mwenyewe, na baada ya mazungumzo nikakiwasha pembeni, bunduki juu yake, anayetaka ajaribu. Mzee wa fulana iliyopauka alikuwepo. Hakuniambia kitu. Aliichukua bunduki, akaangusha bata wawili kwa risasi mbili, akairudisha mezani.

Kuhusu mavazi: shati usilolipenda sana. Kichogo kina vumbi la miaka 30, na hakibebeki ila kwa kukikumbatia.