Ridhaa ya mtoto mbele ya mwalimu wake

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe. Alikuja mtafiti kutoka ng'ambo, akawagawia wanafunzi wa darasa la tano fomu za ridhaa, akaniomba nisimame mbele wakizijaza. Wote walitia saini. Je, hiyo ni ridhaa?

JIBU: Ndugu Mwalimu, hapana. Mtoto aliyezoea kuitikia "ndiyo, mwalimu" hawezi kuikataa karatasi huku wewe umesimama na chaki mkononi. Tena, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, mzazi au mlezi alistahili kuulizwa kwanza, kwa Kiswahili, na penye bibi asiyekielewa vyema, kwa Kinyakyusa na kwa mdomo, maana wapo wazee wanaohofu kuweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma, wakikumbuka migogoro ya mashamba. Hofu hiyo iheshimiwe.

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na barua ya halmashauri humfikisha mtafiti mlangoni tu. Havisemi kwa niaba ya mzazi.

Akirudi, mweleze hayo kwa upole, kisha utoke darasani wakati watoto wanaulizwa, nao waambiwe wazi kwamba anayekataa hataadhibiwa. Wazazi awafuate jioni, watokapo kwenye chai na migomba. Mwombe pia alete matokeo shuleni kwa Kiswahili; hilo ni deni, si hisani.