Kabla Hamjanunua Paneli za Jua, Someni Mita ya Jengo Lenu

Wiki iliyopita dada mmoja, mweka hazina wa kamati ya wakazi katika jengo la ghorofa tisa huko Upanga, aliniandikia akiniuliza ni kampuni gani ingewafaa kuwafungia paneli za umeme wa jua, kwa kuwa wakazi wamechoshwa na gharama za umeme wa pamoja na vijana wao wanataka jengo lipunguze gesi joto. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu swali hilo hilo ndilo nililoanza nalo mimi mwaka 2021, nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa jengo letu la ghorofa 12 lenye nyumba 48, na jibu nililojipa wakati ule lilituponza.

Sisi tulinunua kwanza, tukapima baadaye. Kila nyumba ilichanga. Mkandarasi alikuja siku moja, akapanda juu ya paa, akahesabu nafasi, wala hakuuliza mita ya umeme wa pamoja iko wapi. Paneli 24 zilifungwa, betri zikapangwa kwenye chumba cha mtambo wa lifti, na miezi michache ya mwanzo nilitembea kifua mbele. Kisha betri zikaanza kuchoka, maana zilibebeshwa mzigo ambao hakuna aliyewahi kuupima, na jengo jirani likaendelea kupanda hadi kulipita letu, kivuli chake kikawa kinazifunika paneli kuanzia saa tisa alasiri. Mkandarasi hakupokea simu tena. Katika mkutano wa mwaka, jirani ambaye nilikuwa nikifuturu naye alisimama mbele ya watu na kuuliza fedha za paneli zimekwenda wapi. Stakabadhi zote nilikuwa nazo mkononi na nilizisoma moja baada ya nyingine, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hadi leo wapo wanaonisalimu huku wakitazama pembeni, na nasema wazi kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Kilichotuokoa hakikuuzwa na mtu yeyote. Usiku mmoja nilikaa na mzee wetu mlinzi, tukiwa na tochi na daftari, tukasoma mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) ya umeme wa pamoja saa tano usiku, kisha tukaisoma tena saa kumi na moja alfajiri. Salio lilikuwa limepungua kwa uniti 38, ilhali lifti zilikuwa zimesimama karibu muda wote na taa za ngazi tulikwishazibadilisha kuwa za LED. Mzee akaniambia, "Mwenyekiti, mbona pampu hii huwa hailali?" Alikuwa ameisikia ikivuma kwa miezi mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

Asubuhi tulipanda juu na fundi, tukakuta boya la tangi, ambalo kazi yake ni kuizima pampu tangi likijaa, limekwama. Maji yaliyofurika yalitoka kwa bomba ambalo wajenzi walilishusha hadi kwenye tangi la ardhini, kwa hiyo maji yale yale yalipandishwa ghorofa 12 na kurudi chini usiku kucha, bila tone kumwagika na bila ankara ya maji kuongezeka. Pampu yenyewe ni ya kilowati 5.5, na kwa kuwa kilowati moja kwa saa moja ni uniti moja, kwa saa sita ilikuwa imekula uniti 33. Boya jipya lilinunuliwa Kariakoo siku hiyo hiyo, na bei yake haikufikia hata mchango wa nyumba moja katika zile paneli.

Ukipoteza uniti 30 kila usiku, mwaka ukiisha umepoteza karibu uniti 11,000. Umeme unaozalishwa kwa gesi asilia hutoa takribani nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila uniti, na kwa miaka mingi gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gridi yetu. Hesabu hiyo sasa inabadilika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, inafikisha jumla ya megawati 2,115 kwa maji ya Rufiji. Umeme wa ukutani unapozidi kuwa safi, lawama ya jengo kubwa la Dar es Salaam inahamia kwenye vitu viwili ambavyo kamati nyingi hazivitazami kabisa, yaani dizeli ya jenereta na gesi iliyomo ndani ya viyoyozi.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Katika mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 jenereta letu lilichoma lita 4,300, maana yake zaidi ya tani 11, na sehemu kubwa ya dizeli hiyo iliendesha viyoyozi vya watu waliokuwa kazini. Tulitenganisha nyaya ili jenereta lihudumie lifti moja, pampu, taa na tundu moja la friji kwa kila nyumba. Nilitukanwa kwa uamuzi huo, na ningeuchukua tena kesho.

Kuhusu viyoyozi, naomba msomaji anielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganywa kila mwaka. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua ujue inavuja. Nilimwona fundi mmoja kwenye baraza ya ghorofa ya nne akilegeza nati kwa spana, gesi ikatoka kwa mluzi mrefu, ukungu mweupe ukamzunguka mkono na bomba la shaba likaota barafu, naye akisubiri iishe ili ajaze mpya. Kilo moja ya R-410A, gesi iliyomo katika viyoyozi vingi, ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na takribani tani mbili za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, yaani zaidi ya lita 700 za dizeli. Ni kwa ajili ya gesi za aina hii kwamba mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kuirekebisha Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, ili zipunguzwe, halafu sisi tunaziachia barazani kwa sababu tunataka fundi amalize haraka!

Sasa kamati yetu hairuhusu fundi aingie bila mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhia, na lazima atafute tundu na kuliziba kabla ya kujaza. Anayenunua kiyoyozi kipya tunamshauri achukue cha inveta, yaani kinachojipunguzia kasi chumba kikishapoa, chenye gesi ya R-32, ambayo nguvu yake ya kupasha joto ni karibu theluthi moja tu ya R-410A, na akiweke kwenye nyuzi 25. Wenye nyumba mnaopangisha na kuishi mbali, msiwaachie wapangaji viyoyozi vinavyovuja mkidhani hasara ni yao peke yao. Nanyi wapangaji, msizime mjadala mkutanoni kwa kusema jengo si lenu, kwa sababu hewa na joto la mji huu ni vyenu pia.

Kwa hiyo, dada yangu, swali lako la kampuni siwezi kulijibu kwa sasa. Someni mita saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa siku saba mfululizo, andikeni lita za dizeli kila jenereta linapowashwa, na hesabuni viyoyozi vilivyojazwa gesi mwaka huu. Mwulizeni na mlinzi wenu anasikia nini usiku. Ukishapata daftari hilo nitumie picha za kurasa zake, kisha tutazungumza kuhusu paa.