Waifai ya Raspberry Pi: anza na umeme, si na nenosiri

Mwaka jana niliweka Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, katika banda langu la vifaranga huko Mukono ili isome kipimajoto na kunitumia taarifa kwenye simu niwapo kazini Kampala, kwa kuwa vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nalo hushuka upesi usiku wa mvua. Kazi niliyodhani ni ya jioni moja ilinichukua siku tisa, na nyingi kati ya hizo nilizimaliza kwa kubadilisha nenosiri ambalo halikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye chaja. Nilikuwa nimeiunganisha Pi na chaja ya zamani ya simu, ya ampea 1, kwa waya mrefu na mwembamba, ilhali kompyuta hiyo inataka volti 5.1 na ampea 2.5. Taa nyekundu iliwaka, mfumo ukafunguka, nami nikaridhika. Lakini kila redio ya waifai ilipoanza kutuma data, volti zilishuka na mtandao ukakatika, kisha ukarudi, ukakatika tena. Dalili za namna hii humfanya mtu ailaumu rauta au kampuni ya simu. Kabla hujafika huko, andika amri «vcgencmd get_throttled» kwenye dirisha la amri la Pi. Jibu likiwa 0x0, umeme unatosha. Mimi nilipata 0x50005, maana yake volti zilikuwa chini wakati huohuo nilipouliza. Nilinunua adapta inayofaa yenye waya mfupi, na kukatika kule kukaisha siku hiyohiyo.

Umeme ukishatulia, angalia umri wa maelekezo unayoyafuata. Mengi bado yanakuagiza utengeneze faili la wpa_supplicant.conf, lenye jina la mtandao na nenosiri, na kuliweka katika sehemu ya kuwashia ya kadi ya kumbukumbu ya Pi. Njia hiyo ilikuwa sahihi kwa miaka mingi, ila tangu toleo la Bookworm la Raspberry Pi OS (mfumo endeshi wa Pi), lililotoka Oktoba 2023, mtandao unasimamiwa na programu ya NetworkManager na faili hilo halisomwi, wala hupewi onyo lolote kwamba limepuuzwa. Sasa jina la mtandao na nenosiri hujazwa ndani ya Raspberry Pi Imager, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi, kabla ya kuandika kadi. Ukitaka kuongeza mtandao mwingine baadaye, tumia «sudo nmtui», ambayo ina menyu na haihitaji kukariri chochote.

Jaza pia nchi. Kanuni za masafa ya redio hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo Pi huweza kuifunga waifai yake mpaka ijue ilipo. Msimbo wetu wa Uganda ni UG. Usiache GB eti kwa sababu mwandishi uliyemsoma anaishi Uingereza.

Kuna jambo lililonichekesha baadaye, ingawa siku yenyewe sikucheka. Hotispoti ya simu yangu ilikuwa imewekwa kwenye masafa ya GHz 5, na Pi 3 ya mwaka 2016 husikia GHz 2.4 pekee, uwezo wa GHz 5 ulikuja na modeli ya Pi 3B+ mwaka 2018. Mpwa wangu aliuona mtandao ule kwenye simu yake, Pi haikuuona kamwe, nami nikaanza kuamini kwamba nimeuziwa kifaa kibovu.

Mabati nayo huzuia mawimbi. Banda langu limezungukwa nayo pande tatu, hivyo Pi niliihamishia upande wa wavu unaotazama nyumba, bila kununua antena yoyote. Mwisho nilizima hali ya kubana umeme wa waifai, ambayo ilikuwa ikichelewesha majibu kila nilipoifikia Pi kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa amri «sudo nmcli connection modify», ikifuatiwa na jina la muunganisho na maneno «802-11-wireless.powersave 2», kisha nikaiwasha Pi upya.