Mbwa mchanga atoke nje, au asubiri chanjo zote?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Ipuli, Tabora. Miezi mitano iliyopita tulipoteza mtoto wa mbwa. Alianza kutapika jioni, usiku akaharisha damu, na siku ya tatu akafia hapa nyumbani, mikononi mwa mwanangu wa kiume. Tuliambiwa ni parvo. Sasa tumepata mwingine, jike, mwenye umri wa wiki nane, na amechanjwa mara moja, siku nne zilizopita. Mtaalamu aliyemchanja ametuagiza tusimtoe nje ya geti mpaka amalize chanjo zote, yaani afikishe miezi minne. Kaka yangu, ambaye ana mbwa wanne, anasema mbwa aliyefungiwa hadi umri huo huwa mwoga na mwishowe huuma watu, na anataka nimpeleke kwake acheze na wenzake. Shemeji yangu naye anasema mbwa wa ulinzi hatakiwi kuzoea watu, tumweke bandani gizani ili awe mkali. Watoto wanaogopa kwamba akitoka tu atakufa kama yule wa kwanza. Nimfuate nani?

JIBU: Pole sana, mama, na naomba umfikishie mwanao pole yangu. Mtoto ambaye mnyama wake alikata roho mikononi mwake hatatulizwa na maneno ya kwamba huyu wa sasa hatakufa. Anahitaji kuona kwa macho yake nini kinafanyika ili asife. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, na nitaomba baadhi ya kazi nitakazozitaja apewe yeye.

Mtaalamu wenu anaogopa ugonjwa, na ana haki. Kaka yako anaogopa umri usipite, naye ana haki vilevile. Wanapokosea wote wawili ni pale wanapodhani kwamba mbwa hawezi kuijua dunia bila kukanyaga kila mahali na kunusana na kila mbwa anayepita. Virusi vya parvo huingia kwa mdomo, kutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa, au kutoka kwenye udongo, kiatu na chombo kilichoguswa na kinyesi hicho. Honi ya treni huingia kwa masikio, na sura ya mzee mwenye mkongojo huingia kwa macho. Inawezekana kabisa kuziba njia ile ya kwanza na kuiacha hii ya pili wazi.

Nianze na suala la umri, kwa sababu ndilo lisilosubiri. Mtoto wa mbwa huwa na kipindi ambacho akili yake iko tayari kukubali mambo mapya bila hofu kubwa, nacho huanza akiwa na wiki tatu hivi na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini huko Bar Harbor, Maine, nchini Marekani. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1961, watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uwanja wenye uzio bila kushikwa na binadamu, kisha wakatolewa mmoja mmoja katika umri tofauti. Waliotolewa mapema waliwazoea watu upesi; wale walioachwa mpaka wiki ya 14 walibaki na woga kama wanyama wa porini, hata baada ya juhudi nyingi za kuwafuga. Huyo wako ana wiki nane. Ukifuata agizo la kusubiri hadi miezi minne bila kufanya lolote jingine, geti litafunguliwa wakati kipindi hicho kimeshapita.

Lakini kwa nini basi chanjo moja haitoshi? Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake kupitia dang'a, yale maziwa ya mwanzo, hasa katika siku yake ya kwanza duniani. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huishambulia chanjo kana kwamba ni ugonjwa, nayo isifanye kazi iliyokusudiwa. Hupungua polepole, na kasi yake hutofautiana hata kati ya ndugu wa uzao mmoja: mwingine zimekwisha akiwa na wiki nane, mwingine bado anazo akiwa na wiki 14. Katikati hapo huwa kuna siku ambazo zimebaki chache mno kumkinga na ugonjwa, lakini bado zinatosha kuizuia chanjo. Hatuna namna rahisi ya kujua siku hizo ni zipi kwa mbwa fulani, ndiyo sababu tunarudia. Wa kwako arudishwe akiwa na wiki 11 au 12, na dozi ambayo haipaswi kukosekana kabisa ni ile ya wiki ya 16 au baada yake kidogo. Nimewaona wengi wakiishia dozi ya pili kwa kuwa mbwa anaonekana mzima na nauli imekuwa ngumu. Tafadhali, mama, usiishie hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako. Agizo la kumweka ndani ya geti lilitolewa kana kwamba ndani ya geti ni salama. Mbwa wenu wa kwanza alifia hapo nyumbani, na alipokuwa akiharisha alichafua uwanja huo huo. Parvo ni kirusi kigumu mno. Sabuni ya kawaida haikiui, na ndani ya udongo wenye kivuli na unyevu hudumu miezi mingi, hata kufikia mwaka. Miezi mitano haitoshi kuniondolea hofu. Kwa mbwa wako, chini ya mti ule ambapo mwenzake alikuwa akijilaza huenda ni pabaya kuliko njia yoyote ya Ipuli.

Hivyo mpaka amalize chanjo, makazi yake yawe sehemu yenye sakafu ya saruji, iwe ni baraza, jiko la nje au chumba, na udongo wa uwanja asiukanyage. Sakafu isafishwe kwanza kwa maji na sabuni mpaka uchafu wote uondoke, kisha imwagiwe jiki iliyochanganywa kwa kipimo cha kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, ikae dakika kumi, ndipo isuuzwe na kuachwa ikauke. Mbwa akae mbali wakati wa kazi hiyo. Usijisumbue kumwaga jiki kwenye udongo, maana udongo huidhoofisha kabla haijaua chochote. Uwanja uachieni jua na muda. Matambara aliyolalia yule wa kwanza yachomwe, bakuli lake la plastiki litupwe, na banda lake la mbao lisitumiwe. Viatu vya nje vivuliwe mlangoni. Hii ndiyo kazi ninayoomba apewe mwanao: awe msimamizi wa viatu na wa kipimo cha jiki, huku mtu mzima akiimwaga. Atakuwa anajua kwa nini anafanya hivyo, pengine kuliko sisi sote.

Kuhusu kutoka, mwaka 2008 American Veterinary Society of Animal Behavior, chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia, kilieleza kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuanza madarasa ya kuzoeshwa akiwa na wiki saba au nane, mradi amepewa dawa ya minyoo na amepata chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla. Ninakubaliana nao kuhusu umri, ila sitaki unukuu maneno hayo ukamwachia mbwa ashuke sokoni. Madarasa hayo hufanyika kwenye sakafu safi, na kila mbwa anayeingia amechanjwa. Mitaa yetu haiko hivyo. Wako ana siku nne tangu achanjwe, kwa hiyo bado siku tatu. Katika siku hizo mzoesheni vya ndani: redio, sufuria ikianguka, mwavuli ukifunguliwa, ufagio ukitembea, mikono ya watu ikimshika masikio, makucha na mdomo.

Baada ya hapo atoke akiwa amebebwa. Chukueni kikapu kirefu, mtandike kanga kuukuu chini, mtu mzima akipakate. Tabora haina upungufu wa kivuli. Kaeni chini ya mwembe, hatua 30 au 40 kutoka barabarani, dakika kumi tu kwa siku ya kwanza, na kikapu kisiwekwe chini. Uwe na dagaa wakavu uliowakata vipande vidogo mno. Bodaboda ikipita, mpe kipande. Likipita kundi la wanafunzi wakikimbia, mpe kipande. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyevaa baibui, mwanamume mwenye kofia pana, baiskeli iliyobeba mkaa, mbuzi. Sauti au sura itangulie, dagaa afuate. Mtazame mdomo wake, kwa maana huo ndio kipimo chako: dagaa aliyemnyakua kwa pupa nyumbani, akimkataa hapo barabarani, akageuza uso, akajilamba pua na kukunja mkia tumboni, ujue mmesogea karibu mno. Rudini nyuma mpaka ale tena. Usimlazimishe hata kidogo, kwani hofu anayoipata katika umri huu hukaa naye kwa muda mrefu. Siku nyingine nendeni mahali ambapo honi ya treni inasikika kwa mbali, na mvua ikianza kupiga mabati, badala ya kumkumbatia na kumwonea huruma, endeleeni na mambo yenu na mrushieni dagaa kana kwamba ngurumo ni jambo la kila siku.

Angalizo moja: kumbeba hakumkingi na distempa, ambayo husafiri kwa pumzi na matone ya kikohozi. Huo ndio ugonjwa ulioua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na inaaminika chanzo chake kilikuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Asikaribiane na mbwa anayekohoa au kutokwa makamasi, na mnapompeleka kuchanjwa msimshushe sakafuni wala msimpe jirani yenu wa foleni amshike.

Mbwa wa kaka yako wanaweza kuwa walimu wazuri sana, kwani yapo mambo, kama vile kujua kuuma kwa kiasi wakati wa mchezo, ambayo mbwa hujifunza kwa mbwa mwenzake. Muulize maswali mawili tu: je, wote wanne wana kadi za chanjo ambazo hazijapitwa na wakati, na je, nyumbani kwake pamewahi kufa mtoto wa mbwa ndani ya mwaka huu? Kadi zikiwapo na jibu la pili likiwa hapana, mchague mmoja aliye mtulivu, wakutane kwenye baraza la saruji. Kadi zisipokuwapo, ziara isubiri, hata kama kaka atanuna.

Kwa shemeji, mwambie kwa heshima kwamba ushauri wake ndio ninaoupinga moja kwa moja. Mbwa aliyelelewa gizani humbwekea na kumrukia kila mtu kwa woga, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, kwa sababu hakuwahi kufundishwa tofauti kati ya mgeni wa mchana na mtu anayeruka ukuta usiku. Kulinda huja mbwa anapokomaa, na anayewajua watu wa kawaida ndiye anayemtambua haraka asiye wa kawaida.

Mambo machache ya kumalizia. Chanjo huhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza jokofu lilikuwaje umeme ulipokatika. Chanjo ya mchanganyiko kwa kawaida huja kama unga mkavu kwenye kichupa. Omba uone ikichanganywa na maji yake mbele yako, na lebo ibandikwe kwenye kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha wiki 12, na dawa ya minyoo kila mwezi hadi miezi sita. Akizubaa, akikataa chakula na kutapika, usisubiri damu. Mpeleke siku hiyo hiyo, kwa maana wengi hufa kwa kukaukiwa maji, na dripu ikiwahi huokoa.

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Niko Ujiji, Kigoma. Nina mbwa wa miezi mitatu wa kulinda mbuzi. Sisi na majirani zetu ni Waislamu, na hakuna anayependa mbwa amguse nguo. Nitamzoeshaje watu bila kuwaudhi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hahitaji kuguswa na yeyote nje ya kaya yako, wala kumgusa mtu. Tunachotaka ni awaone watu wakipita na aone kwamba hakuna lolote baya linalofuata. Mfunge kamba, kaa naye hatua kumi kutoka njiani, mbali na wakati watu wanapoelekea msikitini, na kila apitapo mtu mpe kipande cha dagaa akiwa ameketi kando yako. Atajifunza kukutazama wewe badala ya kumkimbilia mpita njia, na majirani watakushukuru kwa hilo. Mbuzi pia wawepo tangu sasa, ila awe na kamba mkononi mwako. Hukutaja chanjo, kwa umri huo anastahili ya kichaa cha mbwa wiki hii, pamoja na ile ya mchanganyiko. Na ikitokea mbwa yeyote, wako au wa mtaani, akamng'ata mtoto au kumparura, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama mbwa ataugua.